Hewa Haina Mpaka: Namna Uchafuzi wa Mbali Unavyofika kwenye Ncha za Dunia



Kila mwaka, kuanzia mwezi Juni hadi Oktoba, anga ya nyanda zetu za juu hubadilika rangi. Mvua zimekoma, nyasi zimekauka, na mioto ya kuandaa mashamba huwashwa kila upande. Msafiri anayetoka Makambako kwenda Njombe, mwendo wa kilomita zipatazo 60, huviona vilima kana kwamba vimefunikwa kwa pazia jepesi. Upepo ukivuma siku mbili tatu, pazia hilo huondoka, nasi husema kwamba moshi umekwisha.

Je, umekwisha kweli, au umehamia kwa wengine? Katika makala hii tunakusudia kueleza, kadiri ya yale ambayo sayansi imeyathibitisha, namna vitu vinavyotupwa hewani mahali pamoja vinavyoweza kufika mahali pa mbali kabisa, hata kwenye ncha za dunia ambako hakuna shamba wala kiwanda. Si suala la wataalamu peke yao. Linagusa chakula, maziwa ya mama na wajibu wa mtu kwa jirani asiyemwona.

Ushahidi kutoka nchi ya barafu

Katika miaka ya 1950, marubani waliokuwa wakiruka juu ya Aktiki, yaani eneo la Ncha ya Kaskazini, walishangaa kukuta ukungu wa rangi ya kahawia katika anga waliyoidhania kuwa safi kuliko zote. Baadaye ilibainika kwamba ulikuwa moshi na vumbi la salfa kutoka viwanda vya Ulaya, Urusi na Asia, vilivyo maelfu ya kilomita kutoka hapo. Mwaka 1966 watafiti walitangaza kwamba wamekuta mabaki ya DDT, dawa ya kuua wadudu, katika miili ya pengwini wa Antaktika, huko Ncha ya Kusini. Hakuna mkulima aliyewahi kupulizia dawa katika bara hilo.

La kusikitisha zaidi lilijulikana mwishoni mwa miaka ya 1980. Watafiti wa Kanada walipima maziwa ya akina mama Wainuiti wa Nunavik, kaskazini mwa jimbo la Quebec, wakitarajia kupata maziwa safi ya kulinganisha na yale ya wanawake wa kusini kwenye viwanda. Walikuta kinyume chake. Kemikali za kundi la PCB, zilizotumika zamani katika mafuta ya transfoma, zilikuwa nyingi takriban mara tano katika maziwa ya akina mama hao wa kaskazini. Waliokuwa mbali kabisa na kosa ndio waliobeba mzigo wake.

Ili kuelewa jambo hili, tuwatazame wasafiri watatu wa angani. Kila mmoja ana mwendo wake, na umbali anaofika hutegemea muda anaodumu kabla ya kuoza au kuoshwa na mvua.

Msafiri wa kwanza: masizi

Masizi ni chembe nyeusi zitokanazo na kitu kinachoungua bila kuisha: kuni, nyasi, dizeli, taka. Chembe hizi hukaa hewani siku chache, kwa kawaida zisizozidi wiki moja au mbili, kisha mvua huziangusha. Kwa hiyo moshi wa kwetu, kwa sehemu kubwa, haufiki kwenye ncha za dunia. Wakati wa kiangazi upepo kutoka kusini-mashariki huusukuma kuelekea magharibi. Huko huungana na moshi mwingi zaidi wa Zambia, Kongo na Angola, na hatimaye hutanda juu ya mawingu ya Bahari ya Atlantiki. Kati ya mwaka 2016 na 2018 wanasayansi wa NASA waliuchunguza moshi huo kwa ndege, wakianzia Walvis Bay nchini Namibia na baadaye kisiwa cha São Tomé. Kiasi kidogo cha masizi ya mioto ya Amerika ya Kusini, Afrika na Australia ndicho kinachofika hadi kwenye barafu ya Antaktika.

Huko Aktiki hali ni tofauti, kwa sababu vyanzo viko karibu. Wakati wa baridi, hewa nzito na baridi hutanda kama kifuniko kikubwa kinachoenea kusini hadi juu ya baadhi ya maeneo ya viwanda. Mvua na theluji ni chache, na hewa ya chini haichanganyiki na ya juu. Uchafu ulioingia humo hukaa muda mrefu kuliko kawaida. Masizi yakitua juu ya theluji, huipunguzia weupe. Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua unaoipiga. Ikichafuka, hulimeza joto na kuyeyuka mapema, kama vile nguo nyeusi inavyopata joto juani kuliko nyeupe.

Msafiri wa pili: sumu ziendazo kama panzi

Msafiri huyu ni kemikali zisizooza upesi, kama vile DDT na PCB. Mama anapochemsha maji ya ugali, mvuke hupanda, hugusa mfuniko uliopoa na kuwa matone. Dunia nayo hufanya kazi inayofanana na hiyo. Katika nchi za joto, kemikali hizi hugeuka mvuke kutoka kwenye udongo na majani, huchukuliwa na upepo, na zikikuta baridi hutua tena. Jua likichomoza na joto kuongezeka, huruka upya na kusonga mbele. Ndiyo maana wanasayansi huufananisha mwendo huo na mwendo wa panzi: kuruka, kutua, kuruka tena. Mwaka 1993 watafiti Frank Wania na Donald Mackay waliuchambua kwa kina mwendo huu wa kuelekea kwenye baridi. Safari huishia pale ambapo baridi hairuhusu tena kuruka, yaani kwenye ncha.

Wakulima wa Makete na Wanging'ombe wanaweza kulielewa jambo hili kwa kulinganisha na pareto. Sumu iliyomo katika maua ya pareto huvunjwa na mwanga wa jua kwa muda mfupi, ndiyo maana haisafiri mbali. DDT hubaki katika udongo kwa miaka mingi.

Nchi yetu inayo kumbukumbu chungu ya jambo hilo. Katika miaka ya 1980 shehena kubwa ya viuatilifu vilivyoletwa kama msaada kutoka Ulaya ilihifadhiwa katika shamba la Vikuge, Kibaha, mkoani Pwani. Banda la kuhifadhia liliporomoka, sumu zikaingia ardhini, na miaka mingi baadaye watafiti walipopima udongo wa mahali hapo bado walikuta DDT kwa wingi. Udongo uliochafuka hivyo hauathiri kijiji chake tu, kwani kila siku ya jua kali huachia sehemu ndogo ya sumu yake hewani.

Msafiri wa tatu: zebaki

Huyu ndiye anayetuunganisha na ncha za dunia kuliko wote. Katika machimbo madogo ya dhahabu, ikiwemo Chunya kwa jirani zetu wa Mbeya, na Geita, zebaki huchanganywa na mchanga wenye dhahabu ili kuinasa. Kisha donge hilo huchomwa, dhahabu ikabaki na zebaki ikaruka kama mvuke. Mchomaji huvuta sehemu yake hapo hapo, pengine pamoja na watoto wake ikiwa anachomea nyumbani. Sehemu iliyobaki inaweza kukaa angani miezi mingi, hata karibu mwaka mzima, muda unaotosha kuizunguka dunia. Uchimbaji mdogo wa dhahabu, katika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayotupwa hewani na wanadamu. Uchomaji wa makaa ya mawe unafuata.

Ikifika majini, zebaki hugeuzwa na bakteria kuwa sumu kali inayodhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kwa upande wa chakula, zebaki na kemikali za msafiri wa pili zina tabia moja: samaki mdogo hula kidogo, samaki mkubwa hula wadogo wengi, sili hula samaki wakubwa, na dubu mweupe au mwanadamu humla sili. Kila hatua sumu huongezeka. Wainuiti huishi kwa nyama na mafuta ya sili na nyangumi, hivyo husimama mwishoni mwa mnyororo huo.

Sisi tunahusikaje?

Haki inadai tuseme wazi kwamba sehemu kubwa ya uchafu uliomo katika Aktiki imetoka katika nchi tajiri za kaskazini, na kwamba sumu nyingi zilizofika kwetu zilitengenezwa huko. Hata hivyo mataifa yamekubali kwamba wajibu huu ni wa wote. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulianza kwa kudhibiti kemikali 12 zisizooza, huku DDT ikiruhusiwa kwa ajili ya kupambana na wadudu waenezao magonjwa, kama vile mbu wa malaria. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unahusu zebaki. Tanzania ni mwanachama wa mikataba yote miwili.

Miongoni mwa kemikali zile 12 zimo dioksini, ambazo hakuna kiwanda kinachozikusudia. Huzaliwa zenyewe taka zinapochomwa ovyo, hasa plastiki. Hapa ndipo shimo la taka nyuma ya nyumba zetu linapoingia katika habari hii. Wakulima wa viazi, mahindi na parachichi hutumia dawa nyingi, na chupa tupu huishia motoni au mtoni. Inafaa tuzingatie mambo haya:

Chupa ya dawa isuuzwe mara tatu, na maji yake yamiminwe katika bomba la kupulizia ili yatumike shambani.

Chupa hiyo itobolewe, isichomwe nyumbani, wala kamwe isiwekewe maji, maziwa au ulanzi.

Dawa inunuliwe kwa kiasi kinachohitajika na yenye usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Mafuta ya transfoma yasiguswe, wala kupakwa mwilini, wala kukaangia chakula.

Mabaki ya mazao yafukiwe au yatandazwe shambani kuhifadhi unyevu, badala ya kuchomwa. Moshi wake, hata usipofika mbali, huingia kwanza katika mapafu ya watoto na wazee wetu.

Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Francisko, katika Waraka wake Laudato Si', alitualika kuitunza dunia kama nyumba ya wote. Katika nyumba moja, anayewasha moto jikoni hawezi kusema kwamba moshi ulioingia chumbani kwa mgonjwa haumhusu. Mama Mwinuiti anayemnyonyesha mwanawe kule Nunavik hatumjui, wala yeye hajasikia jina la Makambako. Lakini tunavuta hewa moja, na kwa sababu hiyo yeye ni jirani yetu. Familia na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziyazungumze mambo haya kabla ya msimu wa kuandaa mashamba, wakati ambapo uamuzi bado uko mikononi mwetu.