Kupoza Kadi ya Michoro kwa Maji: Hali ya Garissa
Makala haya yanaeleza jinsi maji yanavyoipoza kadi ya michoro ya tarakilishi. Mjini Garissa, joto la mchana mwezi Machi hupita nyuzi 35. Feni huipulizia kadi hewa iliyo moto tayari. Gramu ya maji hubeba joto takriban mara nne ya gramu ya hewa. Feni hung'olewa, kisha bamba la shaba lenye mifereji hukazwa juu ya chipu. Pampu huyasukuma maji yaliyokenekwa hadi kwenye rejeta. Kwanza pampu huendeshwa peke yake, kwani tone moja laweza kuiharibu kadi. Hata hivyo, rejeta haishushi joto chini ya lile la chumba. Kivuli na dirisha vingali na kazi.