Ukono wa Chembe: Athari ya Usumaku Inavyotafutwa katika Viini vya Dhahabu

Mvuvi wa Homa Bay anayesokota kamba hujua kwamba msokoto una mkono wake. Kamba iliyosokotwa kuelekea kulia haiwi ya kushoto kwa kugeuzwa na kushikwa ncha ya pili. Ni kwenye kioo tu ndipo hubadilika. Wanafizikia nao husema kwamba kwaki, yaani chembe zinazounda protoni na nutroni, zina mkono. Makala haya yanaiita sifa hiyo "ukono". Wapo watakaopendelea "msokoto", ingawa neno hilo lafaa kamba zaidi kuliko chembe. Ikumbukwe kwamba Kiswahili hutaja mkono wa kulia kwa kazi yake ya kulia chakula, na pengine kwa jinsia: kuume. Wajaluo wana korachwich na koracham. Kwaki haina kinywa wala jinsia. Ukono wake hujulikana kwa kulinganisha uelekeo wa mwendo wake na jinsi inavyojizungusha.

Kwa kawaida kwaki za kulia na za kushoto hulingana kwa idadi. Nadharia inasema kwamba katika joto kali mno, protoni na nutroni zinapoyeyuka kuwa plazima ya kwaki na gluoni, upande mmoja waweza kuzidi mahali fulani kwa muda mfupi. Pakiwapo usumaku mkali, chaji chanya na chaji hasi hujizungusha kwa uelekeo unaopingana. Hivyo basi, ukono mmoja ukizidi, chanya huelekea huku na hasi kule. Huo ni mkondo wa umeme, nao ndio unaotafutwa.

Hapa ndipo inapoingia dhahabu, madini yanayochimbwa Macalder na kwingineko Migori (si kwamba ya huko ndiyo iliyotumika). Kiini cha dhahabu kina protoni 79. Katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, kuanzia mwaka 2000 viini hivyo viligonganishwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Vinapogongana kwa ubavu, protoni zinazopita kando huzalisha usumaku mkubwa ajabu, unaofifia upesi.

Mwaka 2009 kundi la watafiti liitwalo STAR lilitangaza kuona chaji zikitengana kama ilivyotabiriwa. Tatizo ni kwamba chembe zinazozaliwa pamoja na kusombwa na mtiririko mmoja huacha alama inayofanana na hiyo. Mchimbaji wa Migori anaifahamu shida hii: katika karai lake si kila chenga ya manjano ni dhahabu.

Kwa hiyo mwaka 2018 waligonganisha ruthenamu, halafu zirkonamu. Viini vyote viwili vina protoni na nutroni 96 kwa jumla, ila ruthenamu ina protoni 44 na zirkonamu 40. Usumaku wa ruthenamu ukiwa mkubwa zaidi, alama yake nayo ilipasa kuzidi. Aidha, wachambuzi walifichwa data ipi ni ya kiini kipi, na vigezo vikawekwa kabla ya kutazama. Uaminifu wa namna hii ni nadra hata katika uhakiki wetu wa fasihi. Matokeo yalitoka mwaka 2021: ziada iliyotarajiwa haikuonekana.

Hata hivyo, athari yenyewe si ndoto. Mwaka 2016 ilitangazwa kuonekana katika fuwele ya zirkonamu na teluri. Nayo dhahabu ilichambuliwa upya, na mwaka 2022 STAR ikaripoti dalili hafifu katika migongano ya ubavu wa wastani, ikikiri kwamba huenda athari nyingine bado zimejichanganya humo.