Sanamu Inayotangulia Kupigwa Mionzi

Akina mama wengi huogopa neno "mionzi" kuliko wanavyoogopa kisu cha daktari. Hatuwalaumu. Mionzi haionekani, haina harufu, wala mgonjwa hasikii chochote inapoingia mwilini. Basi mwenye saratani ya mlango wa kizazi atajuaje kwamba imefika kwenye uvimbe, wala haikuunguza kibofu kilicho jirani? Haiwezekani kutia kipimo ndani ya kila kiungo cha mtu aliye hai.

Kwa sababu hiyo hutengenezwa sanamu ya mtu. Iliyo mashuhuri ilibuniwa na Mmarekani Samuel Alderson, yule yule aliyetengeneza sanamu za kujaribia ajali za magari. Ndani yake iliwekwa mifupa halisi ya binadamu (jambo hili lilitushtua kidogo), ikazungushiwa plastiki inayopunguza mionzi kama nyama ya mwili inavyoipunguza. Mapafu yalifanywa kwa kitu chepesi zaidi, maana yamejaa hewa. Siku hizi hata mifupa hutengenezwa kiwandani. Ipo ya mwanamume na ya mwanamke, na matiti hubandikwa.

Sanamu hiyo hukatwa vipande vya unene wa sentimita 2.5, kama mkate wa silesi, na vipande vina matundu. Humo hutiwa chembe za lithiamu floraidi. Chembe hizo hutunza nguvu ya mionzi. Zikipashwa moto baadaye hutoa mwanga, na wingi wa mwanga huonyesha kiasi kilichoingia.

Je, kazi yote hiyo ina faida? Kituo kimoja huko Houston, Marekani, hutuma hospitalini kichwa cha plastiki. Hospitali hukijaza maji, hukipiga picha, hukitibu kama mgonjwa, kisha hukirudisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa katika majaribio 250, takriban asilimia 30 hayakufaulu, ingawa waliruhusiwa kupotoka asilimia 7 ya kipimo na milimita 4. Nazo zilikuwa hospitali zenye mashine za kisasa! Dada, ukiandikiwa tiba hii usione haya kuuliza mashine ilikaguliwa lini.

Na watoto je? Zipo sanamu za mtoto mchanga, wa mwaka 1, wa miaka 5 na wa miaka 10. Viungo vya mtoto vimekaribiana mno, hivyo mionzi inayolengwa kimoja huwa rahisi kugusa kingine.