KUZITAMBUA NA KUZIUZA LENZI ZA KAMERA ZA ZAMANI

Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola anaijua vema hasara ya lumbesa. Gunia hujazwa kupita kiasi, nalo hulipwa kwa bei ya gunia moja. Dawa ya lumbesa ni mizani. Hasara kama hiyo humpata pia mwanachama auzaye kitu ambacho mnunuzi anakijua zaidi kuliko yeye, na mfano mmoja ni lenzi ya kamera ya zamani.

Kamera zilianza kuonekana zamani katika sehemu hizi. Msafara wa Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen ulifanya uchimbaji kando ya Ziwa Eyasi katika miaka ya 1930. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipiga filamu juu ya wanyama wa Serengeti, ambayo ilitolewa mwaka 1959. Mwaka huo huo Michael alifariki katika ajali ya ndege akazikwa Ngorongoro. Baadaye wakaongezeka watalii, na mijini wapiga picha wa studio. Si ajabu, basi, kamera kuukuu kukutwa katika sanduku la urithi.

Yafaa ieleweke kwa nini lenzi hizo hutafutwa. Tangu mwaka 2008 zimeuzwa kamera za dijiti zisizo na kioo cha kuakisi ndani yake. Kamera hizo ni nyembamba. Kwa hiyo pete ya kuunganishia huweza kuwekwa kati ya kamera na lenzi ya kampuni nyingine, na lenzi ya zamani ikapiga picha tena. Wako pia wakusanyaji wanaotafuta zilizo adimu.

Jambo la kwanza la kutazama ni kifungio, yaani sehemu ya nyuma inayoishika lenzi kwenye kamera. Kipimwe kwa rula ya milimita au kalipa ya fundi:

(a) Skurubu ya milimita 39. Ni ya Leica ya Ujerumani, na pia ya Zorki na FED za Umoja wa Kisovieti. Za Kisovieti ni nyingi, na baadhi zimechongwa jina la Leica ili zipate bei kubwa. Jina peke yake si ushahidi.

(b) Skurubu ya milimita 42. Ni ya Praktica ya Ujerumani Mashariki, na ya Pentax ya Japani mpaka mwaka 1975. Nyingi katika hizi si adimu.

(c) Kifungio cha masikio, kinachoingizwa na kuzungushwa kidogo kama balbu ya pini. Exakta ya Dresden, iliyotoka mwaka 1936, ni ya aina hii. Lenzi zake nyingi zina mkono mdogo ubavuni wenye kitufe.

(d) Skurubu ya inchi moja, kama milimita 25. Ni ya kamera za sinema za milimita 16, mfano Bolex. Isidharauliwe kwa udogo wake.

(e) Vifungio visivyo vya kawaida, kama vya Alpa ya Uswisi na Praktina ya Ujerumani Mashariki. Kamera hizo zilitengenezwa chache. Wanunuzi wake nao ni wachache. Hivyo muuzaji hana budi kuwatafuta na kungoja.

Kifungio kisichofahamika kisipelekwe kwa fundi kukerezwa ili kiingie kamera nyingine. Kikishakatwa, thamani yake imekwisha.

Kisha itazamwe hali ya lenzi. Ielekezwe penye mwanga: kuvu huonekana kama utando wa buibui, na mafuta huonekana juu ya vipande vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Isifutwe kwa kanga. Vumbi la Mang'ola litakikwaruza kioo. Ipulizwe kwa pampu ndogo ya mkono. Isihifadhiwe katika mfuko wa ngozi wenye unyevu, maana humo ndimo kuvu huota.

Wakati wa kuuza, mwanachama azingatie haya. Warithi wote wawe wamekubaliana. Lenzi isitenganishwe na kamera, kifuniko wala kasha lake kabla ya bei kujulikana. Zipigwe picha za jina, namba na kifungio, nazo zipelekwe kwa wanunuzi wasiopungua watatu. Lenzi isitoke mkononi bila fedha, au bila hati iliyotiwa sahihi yenye namba ya lenzi hiyo.

Chama kisitumie fedha zake kununua vitu hivyo ikiwa masharti yake hayaruhusu. Katibu aweza kuwa shahidi na kuweka nakala ya hati. Halmashauri zinaombwa kuwaeleza wanachama mambo haya hasa kabla ya msimu wa pembejeo, wakati shida ya fedha humfanya mtu akubali bei ya kwanza anayotajiwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.