Cheti kinaonyesha alama, tabia ya mwalimu je?

Muulize mwanao kwa nini anampenda mwalimu fulani. Hatakuambia mwalimu huyo alipata daraja gani kidato cha nne. Atakuambia, "Nikikosea hanicheki," au "Analijua jina langu."

Lakini mlangoni mwa chuo cha ualimu, kinachoangaliwa zaidi ni matokeo ya mtihani. Uvumilivu, kutenda haki na kuzuia hasira havionekani kwenye cheti.

Oktoba 2016 tuliona gharama yake. Video ilisambaa ikionyesha mwanafunzi wa kidato cha tatu jijini Mbeya akipigwa na walimu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Serikali ikatangaza kuwafukuza vyuoni. Vijana hao walifaulu vya kutosha kuingia chuo, lakini ufaulu huo haukueleza wangefanya nini wakikasirishwa na mwanafunzi.

Tabia inapimwaje?

Nchini Finland, kwa miaka mingi waombaji wa ualimu wa shule za msingi wamekuwa wakifanya mtihani wa maandishi, kisha wanaofanya vizuri wanaitwa chuoni kwa usaili wa kuangalia kama kazi hiyo inawafaa. Wanaopata nafasi ni wachache.

Swali la usaili nalo lina uzito wake. Ukimuuliza mtu, "Unapenda watoto?" atajibu ndiyo. Mpe tukio: mtoto wa darasa la pili amekuja bila daftari kwa siku ya tatu mfululizo, utafanya nini? Anayetaka kwanza kujua kuna nini nyumbani si sawa na anayeanza na fimbo.

Hata hivyo, majibu mazuri yanaweza kukaririwa. Ndiyo maana mazoezi ya kufundisha ni kipimo kikubwa zaidi. Siku msimamizi wa chuo anapokuja, andalio la somo liko tayari na zana zimepangwa vizuri. Tabia halisi huonekana siku nyingine, saa nane mchana, darasa limejaa, watoto wana njaa na mmoja hajaelewa kwa mara ya nne. Wanaoiona ni walimu wenyeji na watoto. Maoni yao yanastahili kuhesabiwa pamoja na alama za msimamizi.

Haki itendeke pia kwa kijana anayepimwa. Aelezwe mapema anaangaliwa nini, na apimwe kwa anavyowatendea watoto. Ukimya au aibu si kasoro. Anayekosea aonywe na kuelekezwa kwanza, maana subira hufundishika. Anayeumiza watoto asipewe darasa.

Mzazi ufanye nini?

Shule ikipokea walimu wa mazoezi, muulize mwalimu mkuu nani anawasimamia kila siku. Fahamu pia kwamba kanuni za mwaka 2002 zinampa mkuu wa shule mamlaka ya adhabu ya viboko, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kwenye kitabu.

Jioni, zaidi ya kuuliza "Mmefundishwa nini?" muulize mwanao, "Mwalimu mgeni anafanya nini mtu akikosea?" Jibu likikutia wasiwasi, nenda shuleni kesho yake. Likikufurahisha, nenda pia ukaseme. Kijana huyo anahitaji kusikia kwamba ameanza vizuri.