Mgodi Upimwe kwa Kisima cha Jirani

Swakopmund, mji wa pwani ya Namibia, hupata mvua isiyofikia milimita 25 kwa mwaka. Wenyeji wake wamezoea ukungu wa bahari kuliko manyunyu. Ukiuacha mji huo na kuingia ndani ya jangwa la Namib, unakuta migodi ya urani iliyo miongoni mwa mikubwa duniani: Rössing, uliofunguliwa mwaka 1976, na Husab, ulioanza uzalishaji mwishoni mwa 2016. Urani ya huko haipatikani bila maji. Mwamba husagwa, hulowekwa kwenye maji yenye asidi, na mabaki humwagwa bwawani yakiwa tope.

Kwa miaka mingi maji hayo yalitoka chini ya mchanga. Mito ya Kuiseb na Omaruru hutiririka siku chache tu, na kuna miaka haifiki baharini kabisa. Kila inaposhuka kutoka nyanda za juu, maji huzama mchangani na kubaki humo kama akiba. Miji ya Walvis Bay na Swakopmund ilikunywa akiba hiyo, na migodi ikainywa pia. Ikachotwa kwa kasi kuliko mafuriko yalivyoweza kuijaza.

Kando ya Kuiseb wanaishi Watopnaar, na uhai wao umefungamana na nara, tikiti la jangwani lenye miiba tele na lisilo na majani. Mzizi wake huzama mita nyingi kuyafuata maji. Msimu ukifika, familia hukusanya matunda, huyachemsha sufuriani mpaka mbegu ziachane na rojo, kisha huanika vyote viwili juani: mbegu za kuuza mjini, rojo la kula miezi ya dhiki. Kiwango cha maji kikishuka chini ya mzizi, mmea hukauka, na aliyepoteza hana risiti ya kumdai mtu.

Mwaka 2010 kampuni ya Kifaransa ya Areva, ambayo sasa inaitwa Orano, ilikamilisha mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari karibu na Wlotzkasbaken, kaskazini mwa Swakopmund, wenye uwezo wa mita za ujazo milioni 20 kwa mwaka. Ulijengwa kwa ajili ya mgodi wake wa Trekkopje. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, ya Machi 2011, bei ya urani iliporomoka na mgodi ukawekwa kando, ila mtambo ulibaki. Leo shirika la maji la taifa, NamWater, hununua maji yake na kuyasambaza kwa migodi mingine.

Maji ya bahari ni ghali. Yanakula umeme mwingi, na chumvi iliyochujwa lazima irudishwe baharini kwa uangalifu. Lakini mimi naiona gharama hiyo kuwa mwalimu mzuri. Mgodi unaolipia kila tone hujifunza kuyarudisha maji kutoka kwenye bwawa la tope na kuyatumia tena, kama Rössing ulivyofanya kwa miaka mingi, huku visima vya kuzunguka bwawa vikinasa maji yanayovuja kabla hayajafika mto Khan. Mgodi unaopewa maji ya ardhini kwa bei ya bure hauna sababu ya kujisumbua hivyo.

Jambo hili linatuhusu sisi Watanzania pia. Bahi na Manyoni, katikati ya Tanzania, ni nchi kame, na watafiti wamekwisha kuona urani kwenye mbuga zake, ambamo wananchi hulima mpunga na kunywesha mifugo. Iwapo siku moja leseni ya kuchimba itatolewa, basi kabla ya tingatinga la kwanza kuingia, kina na ubora wa maji ya kila kisima cha kijiji vipimwe, na vipimo vibandikwe kwenye ofisi ya kijiji mbele ya macho ya wote. Bila vipimo hivyo, visima vikikauka kampuni itasema ni ukame, na mwanakijiji hatakuwa na cha kujibu. Madiwani na wabunge wa maeneo hayo wanapaswa kulidai hilo sasa, wakati bado hakuna aliyechimba.