Doa Jeusi Chini ya Wayo



Katika mikutano yetu, kuanzia Kakuyuni hadi Mambrui, tumezoea kuzungumza juu ya malaria, presha na sukari. Miguu huwa tunaitaja wakati wa funza tu. Safari hii tungependa tuitazame kwa jambo jingine: kansa ya ngozi iitwayo melanoma, na chombo ambacho madaktari hutumia kuitambua mapema.

Melanoma huanza kwenye chembechembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kwa Wazungu hutokea sana mahali panapopigwa na jua. Kwetu sisi watu weusi ni nadra, lakini ikija hupenda kujificha: chini ya wayo, kisiginoni, kiganjani au chini ya kucha. Ndiyo maana huchelewa kuonekana. Nani hugeuza wayo akautazama? Mtu analima kando ya Sabaki bila viatu, akiona weusi anasema ah, ni mwiba tu huo, utatoka. Bob Marley, ambaye nyimbo zake mnazijua, alipatikana na melanoma kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, na watu walidhani ni jeraha la mpira. Alifariki Mei 11, 1981, akiwa na miaka 36.

Sasa chombo chenyewe. Kinaitwa dematoskopu. Ni lenzi ya mkononi yenye taa, inayokuza kitu kama mara 10. Ukimulika ngozi kwa tochi ya kawaida inang'aa, na mng'ao huo huficha yaliyo chini. Dematoskopu huuondoa mng'ao, ama kwa kupaka mafuta au jeli kidogo, ama kwa kichujio maalumu cha mwanga, na daktari akaona jinsi rangi ilivyojipanga ndani ya ngozi. Hakikati wala hakiumi. Vingine hufungwa kwenye simu, picha ikatumwa kwa mtaalamu aliye mbali. Kwetu hilo ni jambo kubwa, kwa maana madaktari wa ngozi wengi wako Nairobi na miji mikubwa.

Je, anatafuta nini? Mkulima atalielewa hili upesi kuliko mtu wa mjini. Tazama wayo wako vizuri. Ngozi ina mistari kama shamba lililopigwa matuta: tuta, mfereji, tuta, mfereji. Juu ya tuta kuna vitundu vidogo vya jasho, vimepangwa kama mashimo ya mbegu, na kwa hivyo daktari hujua lipi ni tuta na upi ni mfereji. Rangi ikilala kwenye mifereji, kwa kawaida doa hilo halina madhara. Ikikaa juu ya matuta, hapo daktari hushtuka. Madaktari wa Japani ndio waliochunguza sana tofauti hii, kwani huko nako melanoma hupenda nyayo.

Lakini chombo hakitoi hukumu. Hukumu ni ya maabara, baada ya kukata kipande na kukipima. Hapa tunasema kwa mkazo: ukikatwa kitu cheusi popote, uliza, "Daktari, kinapelekwa maabara?" Kisitupwe kwenye ndoo. Maabara pia hupima unene. Melanoma isiyozidi milimita 1 ikikatwa, wengi sana hupona. Ikizama zaidi, inaweza kusambaa hadi kwenye tezi, mapafu na ini. Na zile programu za simu zinazodai kupima doa zenyewe, tusiziamini. Nyingi zilifundishwa kwa picha za ngozi nyeupe.

Nyumbani, mwenzako akutazame nyayo baada ya kuoga. Funza ni kidoa kidogo, akitolewa pale hupona. Damu iliyovilia chini ya kucha husogea mbele kadiri kucha inavyokua. Mistari myeusi kwenye kucha nyingi ni kawaida kwa watu wengi weusi. Mstari mmoja unaopanuka, au weusi unaomwagikia ngozi iliyo kando ya kucha, si kawaida. Vilevile doa linalokua, lenye kingo zisizo sawa au rangi mchanganyiko, linalotoka damu, au kidonda cha wayo kisichofunga.

Wenzetu wenye ualbino, ambao sensa ya 2019 iliwahesabu 9,729 nchini, wana hatari tofauti. Kansa zao nyingi si melanoma, huanza kama kidonda kisichopona usoni, masikioni au shingoni. Hilo linataka makala yake.

Ukiona dalili hizo usikwangue kwa wembe, wala usichome kwa maji ya betri. Nenda zahanati, eleza doa lilianza lini, na uombe barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, Malindi au Kilifi. Kikundi chenye mfuko wa dharura kiweke nauli ya rufaa ndani yake, maana tumeona barua nyingi zikikaa chini ya godoro kwa kukosa nauli.